Haki ya Kuwa Jirani

Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, waumini wanaamrishwa kuwatendea wema wazazi, jamaa, mayatima na maskini, kisha jirani aliye karibu na jirani aliye mbali. Walawi sura ya 25 inaelekea upande huohuo: ndugu yako akifilisika, umshike mkono aendelee kuishi pamoja nawe. Maneno hayo mawili, pamoja nawe, ndiyo tunayoyapita haraka. Amri haikusema atafutiwe pa kulala huko aliko, wala haikumruhusu mwenye nacho atume msaada kwa mjumbe. Imechukulia kwamba fukara na tajiri wanaonana kila siku na watoto wao wanajuana kwa majina. Swali langu liko hapo. Serikali inapomsaidia mtu wa kipato cha chini kupata nyumba, deni lake limekwisha anapokabidhiwa ufunguo, au bado anadai mahali? Ninaamini anadai mahali. Kumpa paa huku ukimwondoa katika ujirani ni kumlipa nusu ya deni na kuchana hati ya nusu iliyobaki.

Afrika Kusini ndiko jambo hili linakoonekana bila pazia. Katiba yao ya 1996, kifungu cha 26, inampa kila mtu haki ya kupata makazi ya kutosha, na tangu 1994 serikali imejenga nyumba zaidi ya milioni 3, nyingi zikitolewa bure. Huo ni ukarimu mkubwa, na asiyeukiri hatendi haki. Lakini fedha ilihesabiwa kwa idadi ya nyumba, na nyumba ikitakiwa iwe ya bei ndogo, kinachopunguzwa kwanza ni bei ya kiwanja. Kwa hiyo nyingi zilisimama kwenye ardhi rahisi pembezoni mwa miji, kulekule ambako Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 ilikuwa imewasukuma watu weusi. Ramani ya makaburu ikabaki, safari hii imechorwa na bei ya ardhi. Wapo waliopewa nyumba hizo, wakaziuza au kuzipangisha, kisha wakarudi kwenye mabanda yaliyo karibu na kazi. Wenye kuwatazama kwa mbali huwaita wasio na shukrani. Mimi naona walipiga hesabu: kibarua anayelipa nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi hufika nyumbani na mkono mtupu, na watoto wamekwisha lala. Wakazi wa mabanda ya Joe Slovo, huko Langa mjini Cape Town, walipinga hadi Mahakama ya Katiba walipotakiwa kuhamia Delft, mbali na kazi, shule na usafiri wao. Mwaka 2009 mahakama iliruhusu wahamishwe. Mwaka 2011 ikaifuta amri hiyo, kwa kuwa haikuwa imetekelezwa, na watu wakabaki Langa.

Je, mahali kweli hubadilisha maisha, au tunapamba tu maneno? Marekani wamelipima jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1966 wapangaji weusi wa nyumba za umma za Chicago, wakiongozwa na Dorothy Gautreaux, waliishtaki mamlaka ya nyumba ya mji huo kwa kujenga karibu nyumba zote za watu weusi katika mitaa ya weusi peke yao. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na baada ya hukumu ya 1976 familia zipatazo 7,000 zikasaidiwa kuhama, nyingi zikienda vitongoji vya nje ya mji. Kisha kuanzia 1994 ukafanyika mpango mwingine katika miji mitano, safari hii kwa bahati nasibu: baadhi ya familia zilipata vocha ya kodi ya kutumiwa tu katika mitaa yenye maskini wachache, nyingine hazikupata. Miaka ya mwanzo matokeo yaliwavunja moyo wengi. Wazazi waliohama hawakupata kipato zaidi, ingawa afya ya mwili na utulivu wa akili viliboreka. Ilibidi watoto wakue ndipo jambo lijulikane. Mwaka 2015 Raj Chetty na wenzake walionyesha kwamba waliohama kabla ya kufikisha miaka 13 walikuwa, walipokuwa watu wazima, na kipato cha juu kwa asilimia 31 kuliko wenzao ambao familia zao hazikupata vocha. Mtaa ulikuwa umewalea pamoja na wazazi wao.

Pingamizi la kwanza ni la hesabu, nalo ni zito. Bei ya kiwanja kimoja Upanga, katikati ya Dar es Salaam, inaweza kununua shamba zima Chanika, pembezoni mwake. Waziri mwenye fungu dogo anauliza: niwasitiri watu mia hapa, au elfu kule? Swali lake ni la haki, lakini hesabu yake ina ukurasa uliokosekana. Gharama aliyoiokoa kwenye kiwanja haijafutika. Imehamishwa kutoka kwenye daftari la hazina kwenda mfukoni mwa mpangaji, naye atailipa kila alfajiri kwa miaka thelathini, kwa nauli na kwa usingizi. Tena serikali mara nyingi ina ardhi katikati ya mji na inasahau kwamba inayo. Magomeni Kota, Dar es Salaam, palikuwa na nyumba kuukuu za serikali zenye kaya 644. Nyumba zilibomolewa, wakazi wakatawanyika, wakakaa miaka bila jibu. Mwaka 2022 yalizinduliwa majengo ya ghorofa palepale, pembeni ya Barabara ya Morogoro, wakarudishwa. Sisemi kila asiye na uwezo ajengewe Oysterbay. Ninasema umbali uandikwe kwenye hesabu kama saruji inavyoandikwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa maskini wenyewe, nalo nalipenda zaidi. Nani amesema ujirani uko kwa matajiri? Nenda Manzese au Tandale: upatu unazunguka, msiba ukitokea mtaa mzima unakesha, mama wa genge anakopesha unga bila kuandika. Kumng'oa mtu huko na kumpanda penye kuta ndefu na mageti ni kumfanya mkiwa. Ni kweli, na ndiyo maana haki ninayoitetea ni ya kuchagua: anayetaka kubaki aboreshewe palepale, anayetaka kuhama asikute mlango umefungwa. Huko Marekani hufungwa mara nyingi. Mwenye vocha hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake na serikali humalizia kodi, lakini hakuna sheria ya taifa zima inayomkataza mwenye nyumba kumkataa kwa sababu tu ya vocha hiyo.

Kisha atasimama mwenye kusema kwamba upendo hauamrishwi, kwa hiyo serikali isiwalazimishe watu kuwa majirani. Upendo hauamrishwi, lakini utengano uliamrishwa. Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi makusudi ili Kariakoo isigusane na mji wa wengine. Kilichowekwa kwa amri hakiwezi kuitwa maumbile ya mji. Na Waswahili walikuwa na njia yao kabla ya hapo: Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba zilizowekwa wakfu, nyingine kwa ajili ya kuwasitiri mafukara, ndani ya vichochoro vilevile vya wenye mali. Ng'ambo, upande wa pili wa mji huohuo, mwaka 1928 wakazi waligoma kulipa kodi ya viwanja, wakishikilia kwamba walipokaribishwa kukaa pale hawakudaiwa. Walikuwa wakitetea mahali pao; nyumba walijijengea wenyewe. Wakfu una sharti moja ambalo mipango yetu ya leo haina: mali haiuzwi wala hairithiwi. Nyumba za msaada zikijengwa penye thamani, kisha zikauzwa moja moja kwa anayeweza, kizazi kimoja kinatosha kwa maskini kurudi pembezoni. Ardhi ya katikati ya mji ikishatengwa kwa ajili yao, iandikwe hivyohivyo, isiuzike.