Mfadhili wa Shule ni Nani?

Hapa Kenya, kanisa au jumuiya ya Waislamu yenye mkono katika shule ya umma huitwa "mfadhili". Neno zuri, lakini lina mtego ndani yake. Mfadhili ni mtenda fadhila, na aliyetendewa fadhila hutarajiwa kushukuru na kunyamaza. Sasa hebu tujiulize: mwalimu analipwa na TSC, pesa za masomo zinatoka serikalini, yaani kwa kodi yako na yangu. Hapo nani anamfadhili nani?

Wapenzi wa riwaya wanalijua swali hili tangu zamani. Katika The River Between (1965) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mzee Chege anampeleka mwanawe Waiyaki Siriana, shule ya misheni, akachote elimu ya Mzungu bila kubeba tabia zake. Baadaye Siriana inawafungia mlango watoto wa wazazi wanaoshikilia tohara ya mila. Unaweza kuuchukia uamuzi ule, lakini mantiki yake inaeleweka: shule ni ya misheni, na misheni inaamua nani aingie.

Baada ya uhuru mambo yakabadilika. Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, na makanisa yakabaki na cheo hicho cha ufadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wajumbe watatu katika bodi ya shule na nafasi ya kusimamia malezi ya kiroho, ila kwa sharti kwamba imani za wengine zilindwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema taifa halina dini. Kifungu cha 32 kinaongeza kuwa mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, wala asilazimishwe kutenda kinyume nayo.

Kwenye karatasi, mambo safi kabisa. Twende Isiolo sasa.

Mwaka 2014 kulizuka mvutano katika shule ya upili ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani, shule ya umma ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodist. Je, wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare? Kanisa lilikwenda mahakamani kupinga. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikakubaliana nalo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi: kuwatendea watu kwa usawa si kuwafanya wote wafanane. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ikaufuta uamuzi huo kwa sababu ombi la hijabu halikuwa limefikishwa kortini kwa utaratibu ufaao. Jaji mmoja alipinga. Miaka mitano ya kesi, na swali lenyewe likaachwa pale pale mlangoni.

Hoja ya kanisa isipuuzwe. Sare huficha nani tajiri na nani maskini, na ukimruhusu mmoja kuongeza vazi, mwingine naye atadai lake. Tena makanisa yalitoa ardhi na kujenga shule wakati hakuna mwingine aliyejali. Mtu wa kanisa anaweza kuguna: mfadhili mbuzi, binadamu ataudhi. Namwelewa. Lakini deni hilo, kama lipo, ni la taifa. Huwezi kumdai msichana wa miaka kumi na mitano alilipe kwa kuvua kitambaa kichwani. Na shule ya kutwa mara nyingi ni shule ya mtoto ambaye mzazi wake hana uwezo wa bweni. Kumwambia "kama hutaki, hamia kwingine" ni kumpa uhuru usio na nauli.

Wengine wanasema dawa ni kuikatia shule yoyote ya dini pesa za umma. Jimbo la Maine, Marekani, lilijaribu kitu cha namna hiyo. Kule maeneo mengi ya mashambani hayana shule ya upili ya umma, kwa hiyo serikali humlipia mtoto karo katika shule binafsi, ila tangu 1981 shule za mafundisho ya dini ziliachwa nje. Mwaka 2022, katika kesi ya Carson v. Makin, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba kuziacha nje ni kukiuka uhuru wa dini. Ugomvi haukuishia hapo. Ukahamia kwenye masharti: shule inayopokea pesa hizo inaweza kumkataa nani? Kesi nyingine zikafuata.

Ona basi: Maine, uhuru wa dini uliletwa kortini na wazazi wanaotaka pesa ziifikie shule ya dini. Isiolo, uliletwa kwa ajili ya mtoto aliye ndani ya shule ambayo tayari ina pesa. Ni uhuru uleule, lakini hauna uzito sawa pande zote. Taasisi ina bodi, ina wakili, inaweza hata kuukataa mfuko wa serikali. Mtoto hana vyote hivyo, na sheria inamtaka aende shule.

Msimamo wangu ni huu. Jina la mtakatifu libaki getini, sala ya asubuhi iendelee, na pesa za umma ziendelee kuingia. Lakini zikishaingia, asiyeamini kama mfadhili aruhusiwe kutosali, na anayevaa kwa imani yake avae. Na hili lisiwe la Waislamu peke yao: msichana Mkristo katika shule inayofadhiliwa na Waislamu naye asilazimishwe kujifunika. Atakayeona sharti hili ni zito, njia ipo: aendeshe shule yake kwa sadaka za waumini wake, kama Siriana.