Jiwe Lililo Mfukoni mwa Fundi

Swali ninaloulizwa sana baada ya ibada ni hili: "Ndugu, TV yangu ilikataa kuwaka, fundi akabadilisha kitu cha shilingi 50, akanitoza 1,500. Huyo si mwizi?" Kwa kuwa kutengeneza TV ndiyo kazi inayonilisha hapa Othaya, naona heri nijibu kwa maandishi, tusikawie langoni tukibishana.

Tuanze na kazi yenyewe. TV ikizima kabisa, hata ile taa ndogo nyekundu haionekani, kwanza unachomeka chaja ya simu kwa hiyo soketi uone kama kuna stima. (Kuna watu wamebeba TV kwa matatu kutoka mbali, kumbe ni ekstensheni iliyokufa. Ombea TV yako ukitaka, lakini jaribu soketi kwanza.) Stima ikiwa iko, unafungua mgongo, unapima fyuzi. Fyuzi ikiwa imekatika, usikimbilie kuweka nyingine. Jua kwanza ni nini kiliikata. Ikiwa nzima, unaingia kwa bodi ya pawa. Volti 240 zinaingia hapo, zinageuzwa kuwa kama 330 kwenye kapasita kubwa, halafu zinashushwa mpaka 5 hivi za kuwasha ile taa nyekundu. Mara nyingi utakuta kapasita ndogo imevimba kichwa. Unaing'oa, unalehemu mpya, TV inawaka. Ile kubwa inaweza kukurusha hata baada ya waya kuchomolewa, kwa hivyo usijaribu nyumbani ati kwa sababu umesoma hapa.

Sasa, 1,500 ni wizi? Bei peke yake haiwezi kutuambia. Luka 10:7 inamtetea mfanyakazi apate malipo yake, na kujua ni kapasita gani kati ya nyingi ni kazi pia, tena iliyochukua miaka kujifunza. Wizi unaingia kwa mdomo, pale fundi anaposema, "Mama, bodi yote imeungua," na anajua ni kapasita moja.

Mkulima wa chai wa Chinga au Iria-ini akifika kituoni, anasimama kando ya mizani na kusoma kilo zake kwa macho yake mwenyewe. Kwa benchi yangu mambo si hivyo. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza mtu kubeba mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Angalieni mawe hayo yalikaa wapi: ndani ya mfuko. Mnunuzi aliona mizani, hakuona jiwe la pili. Mita yangu inaweza kuwa jiwe hilo. Mteja anaona nambari, hajui maana yake. Mimi humpa kile kipande kilichokufa aende nacho, na ni desturi nzuri, lakini tusidanganyane: mkebe wangu umejaa kapasita zilizokufa, ningeweza kumpa yoyote. Ushahidi wote unarudi kwa neno langu, na tunaojua kama neno hilo ni la kweli ni wawili tu, mimi na Mungu.

Shosho mmoja alikuwa ameambiwa mahali pengine kwamba bodi imekufa, alete 6,000. Mimi nikakuta kapasita. Akaniuliza, "Yule alinidanganya?" Nikamwambia siwezi kusema hivyo. Kuna mafundi wanaojua kubadilisha bodi nzima tu, na huo ni upungufu wa ujuzi, si uongo. Kwangu dhambi inaanza pale mtu anapojua hajapima, na bado anaongea kama aliyepima. Neno "sijui" linatushinda, sisi mafundi, na sisi waliookoka pia tukikaa na mtu mwenye shida. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri zile siku saba za kunyamaza (Ayubu 2:13). Mambo yaliharibika walipoanza kumweleza chanzo.

Lakini lawama tusimwachie fundi peke yake. Wateja nao, wengi wao ni sisi tunaoketi pamoja Jumapili, humwadhibu anayesema ukweli. Mwambie mtu ni kapasita ya shilingi 50, anatoa 100 na kungoja chenji. Mwambie ni bodi, anauza kuku na kulipa bila neno. Fundi mwenye watoto wa kulipiwa karo anajifunza haraka ni jibu gani linaleta chakula. Juzi nilimweleza mzee mmoja kila kitu, nikamwonyesha hata mahali nilipolehemu, nikamwambia ni 800. Tuliongea bei karibu nusu saa, kazi yenyewe ilichukua dakika ishirini. Mwishowe alilipa yote, akabeba TV yake, akasema, "Kijana, ungeniambia tu ni bodi, ningelipa nikaenda."