Pikipiki Nyeupe

Wiki ya kwanza nilidhani madereva wa daladala wa Barabara ya Morogoro wameingiwa na ustaarabu. Jumatatu mmoja alinipisha pale Kimara. Jumanne wakanipisha wawili, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kuchomekea. Anayeijua Dar es Salaam atacheka. Jumatano nilijiona kwenye vioo vya jengo moja nikipita: pikipiki kubwa nyeupe, kioo kirefu mbele, masanduku mawili pembeni, helmeti nyeupe. Nilifanana na askari anayeongoza msafara wa kiongozi. Hawakuwa wakinipisha mimi. Walikuwa wakimpisha mtu asiyekuwepo.

Ni Honda Deauville, yenye jina la mji wa pwani wa Ufaransa. Injini yake ni cc 647, zaidi ya mara nne ya bodaboda nyingi. Ilitengenezwa kwa safari ndefu, na ilifika huku kutoka Uingereza ikiwa imeshatumika. Mpaka leo mshale wa mwendo unasoma maili, nami nimekariri kwamba 31 ya kule ndiyo 50 ya huku. Niliinunua kwa sababu safari ya Kibamba hadi Posta, kwenda na kurudi, ilikuwa inanila saa nne kwa siku, na kwa sababu niliipenda. Haina cheni ya kupaka oili wala kukaza. Nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti. Masanduku yanabeba kompyuta, koti la mvua na chakula cha mchana, na nafasi inabaki.

Kuizoea ndiyo kazi. Ina zaidi ya kilo 220, na ukiwa kwenye foleni kila kilo unaijua. Injini inapopata joto feni inawaka na kukupulizia hewa ya moto miguuni. Ukienda polepole unatakiwa uache breki ya mbele, ukanyage ya nyuma kidogo, klachi nusu, na macho yatazame unakokwenda. Mwenye pikipiki kabla yangu naye alijifunza kwa maumivu: sanduku la kushoto lilikuja na mkwaruzo mrefu. Siku ya nne nikaongeza wa kwangu. Nilikata kona karibu na kijiwe cha bodaboda cha mtaani kwetu, nikashika breki ya mbele usukani ukiwa umepinda, pikipiki ikalala. Vijana watatu walikuja mbio. Mmoja, mwenye kizibao cha njano kilichochanika begani, alizima swichi kwanza, jambo ambalo mimi sikulikumbuka. "Pole bosi," alisema. "Hii ngoma hainyanyuliwi na mtu mmoja." Nilitoa hela ya soda, wakaikataa.

Habari ya kupishwa nilimsimulia dada yangu kama kichekesho, ila nilikuwa na swali ndani yake: je, ninadanganya? Akasema, "Mdogo wangu, umemdanganya nani? Umenunua pikipiki, hukununua sare."

Dada yangu hajui kwamba yuko upande wa Immanuel Kant, mwanafalsafa aliyeuchukia uongo kuliko karibu wote. Katika mihadhara yake ya maadili Kant anatoa mfano wa mtu anayefunga mizigo yake. Wanaomwona wanadhani anasafiri, na yeye anataka wadhani hivyo. Kwa Kant, huyo hajasema uongo, kwa sababu hakuwaahidi kuwaeleza nia yake. Wamejidanganya wenyewe. Nilitazama masanduku yangu mawili nikafarijika. Mimi hata sikutaka wadhani lolote.

Faraja hiyo ilidumu mpaka wiki ya sita. Nilikuwa nimechelewa kikao, foleni imekufa, na njia ya mwendokasi pembeni yangu iko tupu. Hairuhusiwi kwetu, kila mtu anajua. Nikaingia. Kwenye makutano alikuwapo askari. Nilimwona akinyoosha mgongo, akaniangalia, akaangalia pembeni. Sikupunguza mwendo. Nilikaa wima zaidi, nikatazama mbele kama mtu mwenye kazi ya watu. Ndipo kwenye kioo changu nikaona bodaboda wawili waliokuwa wamenifuata. Askari aliwasimamisha wote wawili. Mmoja alikuwa na kizibao cha njano kilichochanika begani.

Nilifika kikaoni kwa wakati.

Jioni nilipita kijiweni. Alikuwa ameshalipa faini, na siku nzima ilikuwa imemharibikia. Sikujua nianzeje, nikaanza na pesa. Safari hii alizipokea. Kisha akasema bila hasira, "Sisi tulijua wewe ni mtu wa serikali, bosi. Tukasema kama huyu anapita, leo njia iko wazi."

Tangu siku hiyo mfano wa Kant haunitoshi. Mwenye kufunga mizigo yuko nyumbani kwake, na jirani akikosea hakuna anayeumia. Barabarani hatuna nafasi ya kuulizana. Tunasomana: taa, rangi, sare, namna mtu anavyokaa juu ya chombo. Usalama wangu umo katika kusoma kwangu, na wako umo katika kusoma kwako. Kwa hiyo nafikiri nina deni kwa anayenitazama, hata kama hatujaahidiana kitu. Daladala iliponipisha ile wiki ya kwanza, kosa lilikuwa la dereva. Nilipokaa wima mbele ya askari, kosa lake lilikuwa chombo mkononi mwangu. Rangi nyeupe haikusema uongo. Mgongo wangu ndio uliosema.

Kuna lililo gumu zaidi. Hata bila rangi, tulifanya kosa moja watu watatu, na aliyekuwa na injini kubwa ndiye aliyepita. Hilo siwezi kulifuta kwa kupaka rangi nyingine. Naweza tu kuacha kulitumia.

Sikuipaka rangi, sina hela hiyo. Nilinunua kizibao cha rangi ya chungwa, kama vya kijiweni, na njia ya mwendokasi siikanyagi tena. Sasa nachelewa kama wenzangu. Jana daladala ilinichomekea pale Kimara ikanibana hadi ukingoni. Nilipiga honi. Kondakta akachungulia, akaniangalia kifuani, akasema, "We boda, subiri."

Nikasubiri.