Kuacha Kazi na Amana Inayobaki Nyuma



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa Utume.

Ndugu zangu katika imani, mwaka jana kaka yangu aliacha kazi. Alikuwa ametimiza miaka sita katika kampuni moja ya Kampala inayouza na kutengeneza mashine za fotokopi. Mshahara ulikuwa mzuri, bima ya matibabu ilikuwepo, na mama alikuwa akimpigia pasi shati lenye nembo ya kampuni kwa fahari kubwa. Akaviacha vyote, akafungua duka lake la wino na vipuri vya mashine hizo karibu na Nasser Road. Siku ya ufunguzi aliniita nitoke hapa Mbale nikasome dua na kuwaidhi kidogo, maana nyumbani mimi ndiye "shekhe", ingawa bado niko mwaka wa pili.

Niliwaidhi kwa kisa cha Abdurrahman bin Auf (r.a.). Alifika Madina hana kitu, na Saad bin Rabii, ndugu yake wa Kiansari, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Akarudi siku hiyo na samli na jibini kavu aliyochuma kwa biashara. Watu wakaleta takbira, tukala pilau.

Usiku nililala kwake. Akanisimulia, kwa furaha ya mtu aliyefanikiwa, jinsi alivyojiandaa. Kwa mwaka mzima kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, asubuhi alikuwa akiandika bei ambayo kampuni ingemtoza mteja. Mchana, akiwa kwenye kiti kilekile, humtumia mteja huyohuyo bei yake mwenyewe kwa simu, imepungua kidogo. Safari za kwenda kutengeneza mashine alizilipiwa na kampuni, na njiani anapeleka wino wake. "Laptopu yako unadhani ilitoka wapi?" akaniuliza akicheka.

Nami nikacheka. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Wiki chache baadaye tulisoma mlango wa ijara. Mwalimu akaeleza tofauti ya waajiriwa wawili. Yuko ajiri mushtarak, kama fundi cherehani, unayemlipa kwa kazi yake na anaweza kuwashonea watu kumi kwa wakati mmoja. Na yuko ajiri khasi, aliyeuza muda wake kwa mtu mmoja, kama karani mwenye mshahara wa mwezi. Huyu wa pili, saa alizoziuza si zake tena. Hawezi kuzitumia kwa kazi yake au ya mwingine bila idhini ya aliyezinunua. Niliandika nusu ya maelezo hayo, kalamu ikasimama.

Sisi wanafunzi tunaipenda sana ile hadithi inayomtisha bosi, kwamba Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wa anayemtumikisha mtu kikamilifu kisha akamnyima ujira. Ni haki kuipenda. Lakini Suratul Mutaffifin inamkemea anayepokea kipimo kamili na kutoa pungufu, na anayepokea mshahara wa siku nane za kazi kwa siku tano naye ana mizani mkononi. Na wale wanaosema hapa chuoni kwamba kuajiriwa ni utumwa, wamkumbuke Nabii Musa (a.s.) kule Madyan. Aliajiriwa kuchunga kwa miaka minane, hiari yake kufikisha kumi, na Ibn Abbas (r.a.) amesema kwamba alitimiza ile mirefu. Ndipo akaondoka.

Sisemi kuwa kuacha kazi ni kosa, wala biashara ya pembeni. Ukiifanya usiku na siku zako za mapumziko, na mkataba haukukataza, hiyo ni jasho lako. Mteja akikufuata mwenyewe baada ya wewe kuondoka, mteja si ng'ombe wa mtu. Lakini bei ya ndani uliyoaminiwa nayo ofisini ni amana. Baadhi yetu muhula huu tuko mafunzoni katika ofisi za watu, na simu mfukoni ina duka zima.

Tazameni Mtume wetu (s.a.w.) alivyoondoka Makka. Maquraishi wamepanga kumuua, na bado mali zao walizomwekesha ziko nyumbani kwake. Kama kuna mtu aliyekuwa na udhuru wa kuondoka nazo, ni yeye. Alimwacha Ali (r.a.) nyuma ili amrudishie kila mmoja amana yake. Nilipowaidhi siku ile ya ufunguzi nilisifu kufika sokoni Madina, nikasahau namna ya kutoka Makka. Na Abdurrahman alikataa hata nusu ya mali aliyopewa kwa moyo mweupe. Sisi tulichukua tusichopewa.

Nilimpigia kaka simu. Alikasirika. "Ada yako alilipa nani?" akaniuliza, akakata. Sikuwa na jibu, na bado sina. Haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake mpaka irudi kwa mwenyewe au asamehe, na sehemu ya haki hiyo nilikuwa nimeila mimi kwa ada na chakula.

Ilipita miezi miwili tukisalimiana kupitia kwa mama. Kisha siku moja baada ya Ijumaa akanitumia picha ya karatasi. Ameorodhesha wateja saba, tarehe, na faida aliyoipata kwa kila mmoja. Alikwenda nayo kwa meneja wake wa zamani, ambaye si Mwislamu. Meneja aliisoma, akanyamaza muda mrefu, kisha akamuuliza kama ametumwa na wakili. Alipoelewa, alisema kampuni itapokea pesa hizo kwa awamu, na itampa risiti.

Duka bado lipo, ila limekonda. Msaidizi mmoja ameondoka, na kaka anapeleka wino mwenyewe kwa bodaboda. Zimebaki awamu tatu. Moja ni ya laptopu hii ninayoandikia, nami ninaichangia kwa kuchapa kazi za wenzangu usiku.