Hewa Iliyopofusha Watoto Njiti

Mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, aliandika kuhusu ugonjwa ambao haukuwa umeelezwa kabla yake. Watoto njiti walikuwa wanaota utando mweupe nyuma ya lenzi za macho, kisha wanapofuka. Katika miaka kumi na kitu iliyofuata, watoto wanaokadiriwa kufika 10,000 duniani walipoteza uwezo wa kuona, wengi wao Marekani. Mmoja wao ni mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950, wiki sita kabla ya wakati.

Madaktari na wauguzi waliosababisha hayo hawakuwa wazembe, ndiyo maana kisa chao kinatuhusu. Inkubeta za wakati ule zilikuwa mpya, zimezibika vizuri, na oksijeni iliyoingizwa ilibaki ndani. Mtoto njiti hupumua kwa kusitasita: anavuta, ananyamaza, anavuta tena. Akipewa oksijeni nyingi, pumzi zinanyooka na rangi inarudi. Nani angeona hivyo akafunga mtungi? Mimi nisingeufunga. Ikawa desturi kumwaga hewa hiyo kwa wiki nzima nzima, hata kwa mtoto asiyeihitaji, na hakuna aliyelinganisha kwanza waliopewa nyingi na waliopewa kidogo.

Dalili zilikuwepo. Magonjwa mengi ya watoto huwaandama maskini, lakini huu uliandama hospitali zenye vifaa bora na wahudumu makini. Hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wajiulize: ni kitu gani tunacho sisi ambacho wenzetu hawana? Badala yake walituhumu vitamini, madini ya chuma, maziwa, mwanga wa taa, karibu kila kitu isipokuwa kile walichokipenda. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mwaka 1951, kule Melbourne, Kate Campbell aliangalia suala la gharama. Mahali ambapo oksijeni ililipiwa na wazazi, ilitumika kwa uchache, na vipofu walikuwa wachache. Ilipopatikana bila gharama kubwa, walikuwa wengi zaidi. Birmingham, Uingereza, Mary Crosse naye aliona kwamba ugonjwa ulikuja baada ya vifaa vipya kuletwa.

New York walidhani wamepata tiba, homoni ya ACTH. Watoto wa mwanzo walionekana kupona. Daktari William Silverman na wenzake walipolinganisha kwa haki, waliopewa dawa hawakuwa na nafuu yoyote, na waliokufa walikuwa wengi zaidi. Kumbe wengi wa wale wa mwanzo wangepona wenyewe.

Washington, Arnall Patz na Leroy Hoeck waligawa watoto makundi mawili, la oksijeni nyingi na la oksijeni kidogo. Usiku baadhi ya wauguzi walipita wakiwafungulia hewa watoto wa kundi la pili, kwa kuwaonea huruma. Sehemu hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana huruma ile ni yangu na yako. Hata hivyo matokeo yalionekana, na mwaka 1954 utafiti wa hospitali 18 ukathibitisha kwamba chanzo ni oksijeni. Mishipa ya damu ya retina ya mtoto njiti bado inakua. Oksijeni ikizidi, ukuaji unasimama. Baadaye mishipa inachipua ovyo, inaacha kovu, na kovu linaivuta retina hadi inabanduka.

Laiti kisa kingeishia hapo. Kwa woga wa upofu, oksijeni ikabanwa isizidi asilimia 40 kwa kila mtoto, hata yule ambaye mapafu yake yalikuwa yameshindwa. Mwaka 1973 Kenneth Cross wa Uingereza alikadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeokolewa macho, 16 walikufa. Wakati wa kumwaga na wakati wa kubana, hapakuwa na kipimo kilichomfuata mtoto mwenyewe.

Leo kipimo kipo: kifaa kidogo kinachofungwa mguuni au mkononi mwa mtoto, kinachosoma kiwango cha oksijeni katika damu. Lakini mashine za oksijeni zinapoenea katika wodi zetu, watoto wadogo zaidi wanapona, na ugonjwa huu unafika mahali ambapo haukujulikana. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usikatae oksijeni ya mwanao. Bila hiyo anaweza kufa. Uliza kama inapimwa, na kama inapunguzwa anapopata nafuu. Mtoto akifikisha wiki ya 4 hivi, uliza ni lini daktari wa macho atamwangalia, hata kama anakutazama vizuri, kwa sababu mwanzoni ugonjwa hauonekani kwa nje na siku za kuutibu ni chache. Ukiruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya uchunguzi huo, usiondoke bila tarehe ya kliniki.