Joto la Mpangaji ni Juu ya Nani?

Mtu ajengapo nyumba ambayo yeye mwenyewe hatalala ndani yake, ana wajibu gani kwa yule atakayelala humo? Swali hili laonekana dogo, lakini aingiaye katika chumba cha mwanafunzi huko Kijitonyama au Chang'ombe, usiku wa mwezi wa Februari, atauona uzito wake mara moja.

Mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840. Hata hivyo wengi wangali wanapanga mitaani. Huko mwenye nyumba hupunguza gharama: bati bila dari, dirisha moja dogo, ukuta mpana uelekeao machweo. Fedha aliyoiokoa siku ya kujenga, mpangaji huilipa kila usiku kwa umeme wa feni. Tena mwanafunzi hukikagua chumba asubuhi, kabla bati halijapata moto. Uislamu humkataza muuzaji kuificha kasoro ya bidhaa yake. Sioni kwa nini mpangishaji asamehewe.

Wengine watasema dawa ni kiyoyozi. Lakini kiyoyozi hulitoa joto chumbani na kulimwaga nje, kwa jirani asiye nacho. Na umeme wake, ambao sehemu yake hutokana na gesi ya Songo Songo, huongeza hewa ya kaboni ipashayo dunia joto.

Yafaa ijulikane kwamba Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. La asubuhi na la jioni ndilo lipigalo kuta. Basi nyumba ikilazwa hata mbavu zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, na madirisha yakikabiliana, upepo wa kaskazi na wa kusi hupita ndani bila malipo. (Wezi wa dirishani nawajua, nondo na wavu vyatosha.) Kuigeuza ramani hakuhitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Na saruji nayo si ya kutumiwa ovyo, kwani mawe ya chokaa yachomwapo tanurini, kaboni hutoka katika moto na katika jiwe lenyewe pia.

Ni kweli kwamba moshi wa nchi zetu ni mdogo mno mbele ya ule wa Ulaya na Marekani, wala simlaumu maskini wa Temeke kwa makosa ya matajiri. Lakini mpangaji wake hakuliuliza hilo, aliuliza hewa. Mwenye kiwanja chembamba kisichogeuzika aweza angalau kutoboa dirisha la pili, kuweka dari, na kuacha uchochoro baina yake na jirani ili upepo upate njia.