Haki ya Waliobeba Mawe

Je, mtu aliyekwisha kufa anaweza kudhulumiwa? Epicurus, aliyefundisha Athens, alijibu kwamba hawezi: kifo kikifika sisi hatupo tena, na asiyekuwepo hana cha kuumia. Aristotle, aliyemtangulia, hakuwa mwepesi kiasi hicho. Katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nicomachus aliona ni ajabu kudai kwamba heshima au aibu ya watoto na wajukuu haimfikii marehemu hata chembe. Akakubali kwamba inamfikia, ila kwa uchache, kiasi kisichoweza kumtoa mwenye heri katika heri yake. Na zaidi ya karne mbili kabla yake, Solon alikuwa ameshawawekea watu wa mji huohuo sheria ya kutomsema maiti kwa ubaya. Sisi Waislamu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sheria hiyo, tumelelewa nayo.

Swali hili nalileta Pemba kwa sababu huku lina watu wa kulidai. Pujini, kiasi cha kilomita kumi kutoka Chake Chake, kuna magofu ya ngome ya karne ya 15. Ukifuata njia kati ya minazi na mashamba unakutana kwanza na tuta la ukuta wa udongo na mawe lililomezwa na miti, kisha mfereji ambao wenyeji husema ulikuwa ukiingiza vyombo kutoka baharini mpaka karibu na ngome. Ndani kuna kisima chenye ngazi, na katikati yake ulijengwa ukuta. Mtembezaji akifika hapo haachi kueleza kwamba bwana wa ngome alikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja: mmoja alishuka ngazi kuchota maji, mwingine aliteka kwa kamba na ndoo upande wa pili, wasionane.

Bwana huyo aliitwa Muhammad bin Abdulrahman. Jina hilo halitumiwi na mtu. Anaitwa Mkama Ndume, yaani mkamuaji wa wanaume, na simulizi inaeleza sababu yake: aliwalazimisha watu wake kubeba mawe ya ngome kichwani huku wakisota kwa makalio.

Tazama jiwe lenyewe kwa karibu. Ni tumbawe, na palipobanduka lipu unaona vishimo vyenye umbo la nyota, mahali walipoishi wadudu wa baharini waliolijenga. Lilivunjwa pwani, likabebwa. Chokaa iliyoliunganisha nayo ni tumbawe jingine: lilipangwa juu ya kuni nyingi katika tanuu, likachomwa mpaka likawa jeupe, likazimwa kwa maji, likaachwa lipoe na kuiva kwa miezi kabla halijachanganywa na mchanga. Kila hatua katika hizo inataka migongo. Kuni zilikatwa na mtu, maji yalitekwa na mtu, na kapu la chokaa halikupanda ukutani lenyewe. Aliyewahi kujenga nyumba ya mawe anajua kwamba simulizi ya kusota, hata kama imetiwa chumvi, imeegemea kwenye jambo la kweli kabisa.

Nilikuwapo Pujini siku moja wanafunzi walipotembezwa na mzee wa hapo. Kijana mmoja akauliza, "Babu, walikuwa wakilipwa?" Mzee akamjibu, "Walipwe na nani, mwanangu?" kisha akaendelea na safari kuelekea chini ya ardhi. Swali la yule kijana lilistahili kusimamiwa.

Athens lina jibu lililoandikwa. Hekalu la Erechtheion juu ya Acropolis lilipokuwa likimaliziwa, mwishoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo, hesabu za ujenzi zilichongwa kwenye mabamba ya mawe, na vipande vyake vimebaki. Humo mna majina ya mafundi waliochonga mifereji ya nguzo, mmoja mmoja: raia, wageni wakaazi na watumwa, bega kwa bega kwenye nguzo moja, kila mmoja kwa ujira unaokaribiana na wa mwenzake. Bila shaka ujira wa mtumwa uliweza kuishia kwenye kiganja cha bwana wake, na hapo usawa wa yale mabamba unakuwa na nyufa. Hata hivyo jina lake limo. Miaka zaidi ya 2,400 imepita na bado tunajua nani alishika patasi.

Pujini hakuna bamba la namna hiyo. Naamini lakini kwamba simulizi ya Mkama Ndume ilichukua nafasi yake. Watu ambao hawakuwa na karani wala jiwe la kuandikia walitoa hukumu kwa njia waliyokuwa nayo: walimnyima mtawala jina alilopewa na baba yake, wakambandika kazi yao. Kila anayemtaja anataja, atake asitake, kwamba ngome hii ilikamuliwa kutoka kwa watu. Wafalme wachache duniani wamehukumiwa kikamilifu namna hiyo.

Epicurus angeniambia kwamba waliobeba hawapo kuifurahia hukumu hiyo. Ni kweli. Ila yeye anajibu swali la maumivu, na dhuluma si maumivu peke yake. Mtu akisafiri kwenda Muscat, ndugu yake akauza shamba lake la mikarafuu kwa siri, amedhulumiwa siku ileile, kabla hajapata habari. Na akifia huko bila kujua, dhuluma haikufutika kwa kutojua kwake. Kilicho chake kimepewa mwingine. Marehemu naye ana kilicho chake: alichokifanya. Hicho ndicho kinachoweza kuibwa, na Pemba kimeibwa zaidi ya mara moja.

Francis Pearce, Mwingereza aliyekuwa afisa mkuu wa serikali yake Zanzibar, alizunguka magofu ya kisiwa hiki na kuyaeleza katika kitabu chake cha 1920. Alifanya kazi ya subira. Lakini kama wengi wa zama zake, alipoona mihrabu na kaburi la mnara aliwatafuta wajenzi ng'ambo ya bahari, Uajemi na Uarabuni, kana kwamba mikono ya hapa ilijua kubeba tu. Wachimbaji wa siku za karibuni wameonyesha vingine. Huko Tumbe, kaskazini mwa kisiwa, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba kijiji kikubwa cha nyumba za udongo cha karne ya 7 hadi ya 10, chenye vigae vingi mno vilivyotumika kusugulia shanga. Jirani yake, kuanzia karne ya 11, ukainuka mji wa Chwaka na misikiti yake ya mawe. Na Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa hapahapa pwani, maandishi ya uso mmoja yakitengeneza vina na ya uso wa pili. Watu waliotia vina kwenye pesa hawakuwa wakisubiri mtu wa kuwajengea mji.

Hapa ndipo ninapopata shida na simulizi ninayoipenda. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo nguzo ya karafuu, kwa jasho la watumwa, mpaka hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria mwaka 1897. Masimulizi ya Pujini yalipita kwenye vinywa vya watu wa mashamba hayo. Sioni ajabu kama waliposimulia habari za watu waliosota na mawe kichwani walikuwa wakisema pia habari zao, ambazo hazikuweza kusemwa waziwazi mbele ya tajiri. Ikiwa ni hivyo, basi Mkama Ndume amebebeshwa mawe yasiyo yake. Na yeye ni maiti, ana haki yake.

Chini ya ardhi, kwenye chumba alichotuongoza yule mzee, kuna picha ya siwa iliyofinyangwa kwa lipu ukutani. LaViolette anakiona chumba hicho kuwa mahali pa ibada ya mizimu. Siwa ni baragumu la enzi, lakini pia ni chombo kilichopigwa mbele ya watu waliokubali kukusanyika. Mtu aliyetawala kwa mjeledi pekee angekuwa na haja gani ya kuifinyanga gizani? Huenda alikuwa na hofu zake, na watu waliomwamini. Simulizi imemwachia ukatili tu.

Simtetei. Nadai kwamba deni la wafu halilipwi kwa kumkopa maiti mmoja ili kumlipa mwingine. Aliyefanyiwa ukatili mwaka 1880 anastahili kutajwa kwa jina la shamba lake, asifichwe ndani ya ngome ya karne ya 15. Aliyechoma chokaa anastahili kuitwa fundi, hata kama alilazimishwa. Mtembezaji ana uwezo wa kuyasema haya yote mahali pamoja bila kuharibu utamu wa kisima na wake wawili: hivi ndivyo walivyosimulia wazee, hiki ndicho kilichochimbuliwa, na hapa vinapishana.

Kazi hiyo inadaiwa zaidi Chwaka. Wageni wakienda huko hupelekwa msikitini, kisha kwenye makaburi, likiwemo la Haruni, anayesimuliwa kuwa mtoto wa Mkama Ndume. Kati ya mawe na mawe wanavuka mashamba na nyasi kwa haraka, jua likiwa kali. Hapo ndipo zilipokuwa nyumba za udongo, na hapo ndipo walipoishi watu wengi wa mji ule. Ziara ingefaa ianzie hapo, na wageni wapewe muda wa kuuliza kama walikuwa wakilipwa.